Ulaya iliondoa vizuizi barabarani, lakini mpaka haukufa

Mwezi wa nne mwaka 2018, Mpanzu Bamenga alishuka ndege kwenye uwanja wa Eindhoven, kusini mwa Uholanzi. Alikuwa anatoka Roma. Miji hiyo miwili iko ndani ya eneo la Schengen, na kwa kawaida msafiri wa njia hiyo hutoka uwanjani bila kuulizwa paspoti, kama mtu ambaye hakuvuka mpaka wowote.

Siku hiyo mambo hayakwenda hivyo. Majandarma wa Marechaussee, kikosi kinacholinda mipaka ya Uholanzi, walimtenga ili wamkague. Bamenga ni raia wa Uholanzi, amesomea sheria, na wakati huo alikuwa mshauri wa mji huohuo wa Eindhoven. Alizaliwa Kinshasa, akafika Uholanzi akiwa mtoto.

Alipeleka malalamiko. Majibu aliyopewa yalieleza aina ya mtu ambaye majandarma walikuwa wanamtafuta: mwanaume anayetembea haraka, aliyevaa vizuri, na asiye na sura ya Kiholanzi. Bamenga hakuridhika. Pamoja na raia mwingine na mashirika ya haki za binadamu, Amnesty International ikiwemo, aliishtaki serikali. Mwaka 2021 walishindwa mbele ya mahakama ya The Hague. Wakakata rufaa, na tarehe 14 mwezi wa pili 2023 wakashinda. Mahakama ya rufaa ilisema kwamba Marechaussee haina ruhusa ya kutumia rangi au asili ya mtu ili kuamua nani akaguliwe, hata kama hiyo ni sababu moja kati ya nyingine.

Kisa hicho ni cha uwanja mmoja wa ndege. Lakini kinaonyesha kile ambacho Ulaya imekuwa inajenga kwa miaka 40: vizuizi vimeondolewa barabarani, na kazi yao imepewa polisi wanaoshirikiana, kompyuta zinazoongea zenyewe kwa zenyewe, na ofisi za viza zilizo mbali na Ulaya yenyewe. Kwa wengi, mpaka haupo tena. Kwa wengine, umehama tu.

Yote yalianza na malori

Ikumbukwe kwamba wazo la kufungua mipaka halikuanzia kwenye hotuba za viongozi tu. Mwezi wa pili mwaka 1984, madereva wa malori walichoka kungoja siku nzima kwenye forodha, hasa kati ya Italia na Ufaransa, ambako maafisa wa forodha walikuwa wamepunguza kazi kwa sababu ya mgomo. Madereva nao wakafunga barabara za milima ya Alpes. Bidhaa zikakwama, na serikali zikaona kwa macho hasara ya foleni.

Miezi mitano baadaye, tarehe 13 mwezi wa saba 1984, Ufaransa na Ujerumani Magharibi zilitia saini mapatano ya Saarbrücken ili kupunguza ukaguzi kwenye mpaka wao pole pole. Ubelgiji, Uholanzi na Luxemburg, ambazo tangu mwaka 1960 zilikuwa zimeondoa ukaguzi wa watu kati yao ndani ya umoja wa Benelux, zilitaka kuingia pia.

Tarehe 14 mwezi wa sita 1985, wajumbe wa nchi hizo tano walikutana kwenye mashua iitwayo Princesse Marie-Astrid, juu ya mto Moselle, karibu na kijiji cha Schengen. Mahali hapo ndipo Luxemburg, Ufaransa na Ujerumani zinakutana. Wengi waliotia saini hawakuwa mawaziri wakubwa, na magazeti ya siku ile hayakulipa jambo hilo uzito. Leo jina la kijiji hicho cha wakulima wa mizabibu linaandikwa kwenye viza ambayo vijana wa Goma, Bukavu na Lubumbashi wanaitafuta usiku na mchana.

Ilichukua miaka kumi kabla ya vizuizi kuondolewa kweli. Tarehe 26 mwezi wa tatu 1995 ukaguzi ulisimama kati ya nchi saba: zile tano pamoja na Hispania na Ureno. Kroatia iliingia mwaka 2023. Bulgaria na Romania ziliingia kikamilifu tarehe 1 mwezi wa kwanza 2025. Sasa nchi ni 29, na ndani yake mna watu zaidi ya milioni 400.

Kazi ng'ambo ya mto

Kwa nini nchi zilikubali kuachilia kitu kizito kama ukaguzi wa mpaka? Jibu la kwanza ni uchumi.

Luxemburg ni mfano ulio wazi. Nchi hiyo ina wakaaji chini ya 700,000. Kila asubuhi ya kazi, wafanyakazi zaidi ya 200,000 wanaingia kutoka Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani, kisha jioni wanarudi kwao. Karibu nusu ya watu wanaofanya kazi Luxemburg hulala nchi nyingine. Muuguzi anaishi Ufaransa na anatibu Luxemburg. Mjenzi anaamka Ujerumani na anapandisha ukuta ng'ambo ya Moselle. Ukiweka kizuizi hapo, hospitali na benki za Luxemburg zinakosa watu kabla ya saa sita mchana.

Katika eneo lote la Schengen, Umoja wa Ulaya unahesabu watu karibu milioni 1.7 wanaoishi nchi moja na kufanya kazi nchi nyingine. Wanaovuka mipaka ya ndani kila siku, kwa kazi, masomo, biashara au kutembelea ndugu, ni karibu milioni 3.5. Mwaka 2016 taasisi ya Ufaransa iitwayo France Stratégie ilipiga hesabu ya kurudisha ukaguzi wa kudumu. Ilisema kwamba baada ya miaka kumi nchi za Schengen zingepoteza zaidi ya euro bilioni 100 za pato lao.

Mkaaji wa Goma hahitaji maelezo marefu hapa. Anayejua foleni ya Petite Barrière, akina mama wenye ndoo za nyanya na unga wanaongoja kuvuka kwenda Gisenyi, anajua kwamba saa moja ikipotea kwenye mpaka, faida ya siku inapotea pia. Tofauti ni kwamba Ulaya iliamua kulipa gharama ya kuondoa foleni hiyo. Gharama yenyewe iliangukia polisi.

Polisi nao wakavuka

Serikali zilikuwa na hofu moja: kama mfanyabiashara anavuka bila kuulizwa, mwizi naye atavuka bila kuulizwa. Ndiyo sababu mapatano ya pili ya Schengen, yaliyotiwa saini tarehe 19 mwezi wa sita 1990, yana kurasa nyingi zinazohusu polisi kuliko zinazohusu uhuru wa kutembea.

Mapatano hayo yaliruhusu jambo ambalo zamani lingeitwa uvamizi: askari polisi wa nchi moja kumfuata mhalifu anayekimbia hadi ndani ya nchi jirani. Kila serikali iliweka masharti yake juu ya umbali, muda, na kama askari mgeni anaweza kumshika mtu au anapaswa kungoja wenzake wa hapo. Pia ukaanzishwa mfumo wa habari wa Schengen, unaojulikana kama SIS. Gari likiibwa Lyon, askari wa Antwerp anaweza kuliona kwenye kompyuta yake. Mtu aliyekataliwa kuingia nchi moja anaonekana kwenye nchi zote.

Mwaka 2005, nchi saba zilikutana kwenye mji mdogo wa Ujerumani uitwao Prüm. Zilikubaliana kufunguliana masanduku ya alama za vidole, DNA na namba za magari. Miaka mitatu baadaye utaratibu huo ukawa sheria ya Umoja wa Ulaya, na mwaka 2024 ukaongezewa picha za nyuso.

Mjini Tournai, karibu na mpaka wa Ufaransa, polisi na forodha za Ubelgiji na Ufaransa wanakaa kwenye ofisi moja. Luxemburg ina kituo cha aina hiyo chenye watumishi wa nchi nne. Kazi yao ya kila siku si ya filamu: ni kujibu simu. Askari wa upande mmoja anauliza gari hili ni la nani, mtu huyu anaishi wapi, na jibu linatoka kwa mwenzake aliyeketi meza ya pili, badala ya kungoja barua ya wizara.

Ubelgiji, Uholanzi na Luxemburg zimekwenda mbali zaidi. Mkataba wao mpya wa polisi, uliotiwa saini mwaka 2018, ulianza kufanya kazi tarehe 1 mwezi wa kumi 2023. Unawapa askari wa nchi hizo nafasi kubwa zaidi ya kufuata washukiwa, kufanya uchunguzi na kufungua baadhi ya habari za polisi upande wa pili.

Matokeo yapo. Mwaka 2020, wachunguzi wa Ufaransa na Uholanzi, wakisaidiwa na Europol na Eurojust, waliingia ndani ya EncroChat, mtandao wa simu za siri uliokuwa unatumiwa na magenge ya madawa ya kulevya na wauaji wa kukodiwa. Miaka mitatu baadaye Europol ilitangaza kwamba watu 6,558 wamekamatwa katika nchi mbalimbali, na karibu euro milioni 900 zimetaifishwa au kuzuiliwa. Hakuna polisi ya nchi moja iliyoweza kufanya kazi hiyo peke yake.

Mlango wa nje

Hofu ya pili ya serikali ilikuwa uhamiaji. Nyumba ikiondoa milango ya vyumba, mlango wa nje unatiwa kufuli kubwa zaidi.

Mwaka 1990 huohuo, mkataba wa Dublin uliweka kanuni kwamba ombi la ukimbizi linachunguzwa na nchi moja tu, na mara nyingi ni ile ambayo mtu aliingilia. Kanuni hiyo ilitupa mzigo kwa Ugiriki, Italia na Hispania. Mwaka 2004 likaundwa shirika la kulinda mipaka, Frontex, ambalo makao yake yako Warsaw. Shirika hilo linapaswa kufikisha walinzi 10,000 mwaka 2027.

Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha mkataba mpya wa uhamiaji na ukimbizi, ambao ulipangiwa kuanza kutumika mwezi wa sita 2026. Anayeingia bila karatasi anachunguzwa kwa muda usiozidi siku saba. Alama za vidole na picha ya uso zinachukuliwa hata kwa mtoto wa miaka sita. Nchi ambazo hazitaki kupokea wakimbizi kutoka nchi za mpakani zinaweza kulipa euro 20,000 kwa kila mtu ambaye hawakumpokea, au kutoa msaada wa namna nyingine. Poland na Hungaria zilipiga kura ya kuukataa.

Kwa Mkongomani, hata hivyo, mpaka wa kwanza wa Ulaya hauko Ugiriki wala Italia. Uko Kinshasa, ambako Ubelgiji unashughulikia viza fupi kwa niaba ya nchi kadhaa za Schengen. Mwombaji anaacha alama za vidole kumi, picha, karatasi za benki na za kazi, na euro 90, bei iliyopandishwa kutoka 80 mwezi wa sita 2024. Akikataliwa, pesa hazirudi. Kwa mkaaji wa Kivu kuna gharama nyingine kabla ya hiyo: Kinshasa iko mbali zaidi ya kilometa 1,500, na hakuna barabara nzuri ya kumfikisha moja kwa moja.

Mwanzoni mwa mwaka 2018, wakati wa mvutano wa kisiasa kati ya Kinshasa na Brussels, nyumba hiyo ya viza ilifungwa kwa miezi mingi. Walioumia si mabalozi. Ni wanafunzi, wagonjwa, wafanyabiashara na wazazi waliokuwa na watoto ng'ambo.

Vizuizi vinarudi

Mpango wote huu ulisimama juu ya jambo moja: kila nchi iamini kwamba jirani yake analinda vizuri. Mwaka 2015 imani hiyo ilipasuka.

Mwezi wa tisa mwaka huo, watu wengi waliokimbia vita vya Siria walipokuwa wanaelekea kaskazini, Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mpaka wake na Austria. Austria, Denmark, Sweden na Norwe zilifuata. Mwezi wa kumi na moja, watu 130 waliuawa kwenye mashambulizi ya Paris, na Ufaransa ikarudisha ukaguzi ambao imeendelea kuurefusha tangu hapo. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulifunga hata madaraja ambayo watu walikuwa wamesahau kama ni ya mpaka.

Sheria inasema ukaguzi wa ndani ni wa muda tu. Lakini muda huo ulirefushwa kila miezi sita, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2019, msafiri mmoja aliyekuwa anatoka Slovenia kuingia Austria kupitia Spielfeld alikataa kuonyesha paspoti. Alisema ukaguzi huo si halali. Akatozwa faini ya euro 36. Badala ya kulipa na kwenda zake, alipeleka shauri mahakamani, nalo likapanda hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Tarehe 26 mwezi wa nne 2022, mahakama hiyo iliamua kwamba nchi haiwezi kurefusha ukaguzi kupita miezi sita kwa sababu ya tishio lilelile. Lazima iwe na tishio jipya.

Je, vizuizi viliondoka? Hapana. Mwaka 2024 kanuni ilibadilishwa: sasa ukaguzi unaweza kufika miaka miwili, na katika hali ya pekee miaka mitatu. Mwezi wa tisa mwaka huo, baada ya shambulio la kisu lililoua watu watatu mjini Solingen, Ujerumani ilieneza ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, ule wa Luxemburg ukiwa ndani. Uholanzi ilianza wa kwake tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili. Mwezi wa saba 2025, Poland ikajibu kwa kuweka ukaguzi kwenye mpaka wake na Ujerumani.

Luxemburg imelalamika, kwa sababu wafanyakazi wake ndio wanaokaa kwenye foleni. Wanaotetea ukaguzi wanasema raia wana haki ya kulala salama, na kwamba serikali isiyolinda mpaka inawaachia nafasi wanasiasa wenye chuki. Wanaoupinga wanauliza swali rahisi: kama polisi wa pande mbili tayari wana ofisi moja, kompyuta moja na doria za pamoja, kizuizi cha barabarani kinaongeza nini zaidi ya foleni?

Nani anasimamishwa?

Swali hilo linarudisha mambo kwa Bamenga na uwanja wa Eindhoven. Ukaguzi wa mpaka wa zamani ulikuwa na usawa fulani: kila mtu alionyesha paspoti, mzungu na mweusi. Ukaguzi wa leo ndani ya Schengen hauwezi kusimamisha kila mtu, la sivyo hospitali za Luxemburg zitafungwa. Kwa hiyo askari anachagua. Na pale ambapo askari anachagua, sura ya mtu inaweza kugeuka kuwa mpaka wake.

Hukumu ya The Hague haikuondoa ukaguzi. Iliweka mpaka kwa polisi wenyewe: wachunguze mwenendo wa mtu na habari walizonazo, wasichunguze rangi yake. Ni hukumu ya nchi moja, na askari wa treni ya Paris au wa barabara ya Aachen hafungwi nayo. Lakini imeonyesha kwamba raia mmoja anaweza kuuliza, na serikali ikalazimika kujibu.

Kwa Wakongomani walio Ulaya, sheria ya kila siku ni hii. Mwenye kibali cha kukaa Ubelgiji au nchi nyingine ya Schengen anaweza kutembelea nchi nyingine za eneo hilo hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, akiwa na paspoti na kibali chake mfukoni. Picha kwenye simu haitoshi. Anayengoja jibu la ombi la ukimbizi hana ruhusa hiyo. Akishikwa nchi nyingine, anaweza kurudishwa kule alikoanzia.

Mwezi wa sita 2025, Schengen iliadhimisha miaka 40 ya mapatano yake. Mashua Princesse Marie-Astrid ilinunuliwa na kurudishwa mtoni ili iwe sehemu ya makumbusho. Wageni walipanda kutazama mahali ambapo saini zilitiwa. Ng'ambo ya mto iko Ujerumani, ambako siku zilezile askari walikuwa wanaendelea kukagua magari.

Bamenga, kwa upande wake, aliingia bunge la Uholanzi mwisho wa mwaka 2023, miezi kumi baada ya hukumu. Mtu aliyewahi kutengwa na majandarma kwa sababu hana sura ya Kiholanzi sasa alikuwa kati ya wale wanaotunga sheria ambazo majandarma hao wanazifuata.